Viraka Hamsini

Bi Ghaniya aliisukuma kalamu. Ikabiringika mezani, ikaanguka sakafuni, na hakuna aliyeinama kuiokota.

"Sitii sahihi," alisema.

Ilikuwa Alhamisi, saa tatu asubuhi, katika ofisi ya ukaguzi wa bidhaa, tawi la Sib. Mkaguzi Shinuna binti Saif alikuwa upande wa pili wa meza, na karatasi iliyokuwa ikigombewa ilikuwa katikati yao. Mistari yake ilikuwa sita tu. Ilisema kwamba Ghaniya binti Zahran, mwuza manukato, anakiri kuwa alichanganya mafuta yake na kitu asichokijua, kwa bahati mbaya, na watu watatu wakadhurika.

Waliodhurika walikuwa wanaume. Wote walitokwa na malengelenge chini ya koo, pale pale kinapolala kishada cha kanzu, ule uzi uliosukwa unaoning'inia kolani, na vishada vyote vitatu vilikuwa vimechovywa katika mafuta ya Bi Ghaniya. Mmoja wao alikuwa bwana harusi. Harusi imepita, na yeye bado yuko hospitali, shingo imefungwa bandeji. Kikulacho ki nguoni mwako, watu wa soko walisema, wakacheka, kisha wakaacha kununua.

"Bi Ghaniya," Shinuna alisema, "ukitia sahihi, duka linafunguliwa Jumapili. Usipotia, leo saa nane mchana faili linakwenda kwa mwendesha mashtaka."

"Liende."

"Kuna kifungo humo."

"Nimekusikia, mwanangu, masikio yangu hayajazeeka. Nimetia zahrolini, ile dawa ya harufu ya kampuni, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo. Sikutia kingine. Miaka thelathini na nane watu wa Sib wananunua kwa kuuamini mkono wangu. Nikiandika kwamba mkono huu haujui unachotia, hilo duka nitalifungua nimuuzie nani? Nzi?"

"Mimi sikusema umekusudia."

"Umesema. Ulisema siku ile ulipokuja na utepe wako mwekundu na lakiri yako, ukanifungia mlango mchana kweupe, soko zima linatazama. Hukunusa. Hukuuliza. Ulisoma cheti cha kampuni."

Hilo lilikuwa kweli, na kweli haina dawa. Siku tisa zilizopita Shinuna alilifunga duka lile kwa mkono wake mwenyewe. Tangu hapo maabara ya serikali ilikuwa imekwisha yapima mafuta: sandali, waridi, na zahrolini kwa kiasi kile kile kilichoruhusiwa. Hakuna kingine. Lakini mkuu wake, Bwana Yaarub, alikuwa na hesabu yake fupi. Kampuni ya Nasaim, inayotengeneza zahrolini, ilikuwa na cheti cha usalama: dawa imebandikwa kwenye ngozi za watu na hakuna aliyeungua. Dawa ikiwa safi, basi mchanganyaji ni mchafu. Kama chupani hakuna uchafu, bibi ameuosha.

Shinuna aliikunja karatasi akaitia mkobani.

"Nipe mpaka saa nane."

"Mimi sina haraka," Bi Ghaniya alijibu, akijitengeneza shela. "Mwenye haraka ni mkuu wako."

*

Daktari Mundhir, msimamizi wa usalama katika kampuni ya Nasaim, alimkaribisha mkaguzi kwa kahawa, tende, na uso wa huruma uliokuwa umeandaliwa kabla.

"Pole na kazi, binti Saif. Yule bibi bado anakaidi?"

"Bado. Naomba daftari la majaribio."

"Ripoti unayo."

"Ripoti nimeisoma. Ndiyo iliyonifanya nifunge mlango wa mtu. Nataka lile lililoandikwa kwa mkono."

Daktari alitabasamu kidogo, akampigia simu mtu wa kabati. Daftari lilipokuja alilisukuma mezani kwa vidole viwili. Shinuna alimwomba amweleze kazi yote tangu mwanzo, kama anayemweleza mtu asiyejua lolote, na daktari alipenda sana kuombwa hivyo.

"Watu hamsini, wanaume watupu, maana mafuta ya kishada ni yao. Kila mmoja anabandikwa kiraka kilicholoweshwa zahrolini. Kinakaa siku nzima, kinatolewa, kinawekwa kipya. Viraka tisa kwa wiki tatu. Hapo ngozi inafundishwa. Kisha inapumzishwa wiki mbili. Halafu kiraka cha mwisho, siku mbili mfululizo, hakiguswi. Hapo ngozi inaulizwa swali. Kama imejifunza kuichukia dawa, itajibu kwa malengelenge."

"Kiraka mnakibandika wapi?"

"Ndani ya mkono, chini kidogo ya kiwiko."

"Mwongozo wenu hapa unasema mgongoni."

"Mwongozo umeandikwa ng'ambo." Daktari aliinua mabega. "Mzee wa miaka sitini, mwenye kilemba chake, avue kanzu alale kifudifudi mbele ya vijana wa maabara? Wangekimbia siku ya kwanza. Tukahamishia mkononi. Ngozi ni ngozi."

"Na watu mliwapata wapi?"

"Hapo najisifu. Nilikwenda kwa imamu wa msikiti wa jirani, nikamwambia nipe watu wakweli, wasiokosa, watakaokuja kila siku niliyowaambia. Akanipa arobaini na wanane. Wote watu wa safu ya mbele. Wawili waliopungua tuliwaokota kwa mafundi cherehani wa mtaa wa nyuma, kujaza nafasi."

Shinuna alikuwa tayari anapitisha kidole kwenye kurasa. "Nambari kumi na saba na thelathini na moja zimekatwa kwa wino mwekundu."

"Hao hao mafundi. Walitoka malengelenge."

"Walitoka?"

"Fundi cherehani, binti Saif! Anashinda na rangi za nyuzi na mafuta ya mashine. Ngozi ilikuwa imekwisha haribika kabla hajaja kwangu. Tuliwatoa kwenye hesabu. Imeandikwa ukurasa wa mwisho."

"Kwa herufi ndogo."

"Herufi ni herufi."

Maelezo yalikuwa na akili ndani yake, na hilo lilimkera. Aligeuza kurasa mpaka kwenye safu mbili za tarakimu: uzito wa kiraka kabla ya kubandikwa, uzito baada ya kubanduliwa. Zahrolini ni kitu cha kuruka hewani. Kiraka kilichokaa kwenye ngozi siku nzima hakina budi kurudi kimepungua. Vya daftari hili vilirudi vimeongezeka. Cha kwanza kizito, cha pili kizito, cha tatu kizito. Akashuka na kidole mpaka chini. Viwili tu ndivyo vilivyorudi vyepesi, kila mara, kwa wiki zote.

Nambari kumi na saba na nambari thelathini na moja.

"Daktari, viraka hivi vilinenepa kwa kula nini?"

"Jasho. Unajua joto la nchi hii."

"Mafundi hawatoki jasho?"

Daktari alinyanyua dele. "Ongeza kahawa."

Shinuna alikitikisa kikombe, kwamba imetosha, akaomba nakala ya kurasa zote na orodha ya majina na simu. Alipewa, kwa kuwa sheria ilisema apewe.

*

Duka la mafundi lilikuwa na vyerehani vitatu na kiyoyozi kimoja kinachokohoa. Nambari kumi na saba aliitwa Varghis, mtu wa Kerala, mwembamba, msalaba mdogo shingoni, miwani imefungwa kwa uzi. Nambari thelathini na moja, mwenzake wa kanisa moja, alikuwa amerudi kwao likizo. Varghis alipandisha mkono wa shati kabla hajaombwa. Chini ya kiwiko kulikuwa na alama ya mraba, nyeusi, yenye pembe nne kamili.

"Mwezi wa tano huu, Mama. Haitoki."

"Wanasema ni rangi za nyuzi."

Varghis aligeuka akamtazama fundi aliyekuwa pembeni, naye akaangua kicheko, akanyanyua mikono yake miwili. Ilikuwa ya buluu mpaka juu ya vifundo.

"Rangi ni mimi, Mama! Huyu hatii hata soksi zake rangi. Yeye ni wa vifungo na vishada. Waliomwandika ni vipofu?"

Huyu aliitwa Monirul, mtu wa Chatigao, na maneno yalimtoka haraka kuliko sindano ya mashine yake.

"Na wewe ulikuwamo kwenye majaribio?"

"Nambari kumi na nane. Imamu alinichagua mwenyewe."

"Ulitoka vipele?"

"Hata kimoja. Huyu ana ngozi ya bi harusi."

"Ngozi ya bi harusi!" Varghis alipiga meza. "Nililala na moto mkononi siku mbili, sikugusa, kwa kuwa karatasi ilisema usiguse. Mimi mtu wa maandishi, Mama. Huyu hata karatasi hakuisoma."

"Nilisomewa," Monirul alisema. "Sikio nalo si linasoma?"

Basi rangi ikaanguka pale pale. Mwenye kushinda na rangi mpaka kwenye vifundo, ngozi yake safi, asiyeigusa, ameungua. Wote wawili wanakaa chumba kimoja, joto moja, jasho moja. Shinuna alifungua nakala zake juu ya mafurushi ya vitambaa. Kumi na saba: chepesi. Kumi na nane: kizito. Alikuwa bado anazitazama tarakimu zile adhana ya adhuhuri ilipoanza.

Monirul alizima mashine. Akavua saa. Akabandua plasta aliyokuwa ameifunga kwenye kidole gumba, kinga ya sindano, akaibandika kwenye ukingo wa meza, akaenda bombani nyuma ya duka. Maji yalisikika. Aliporudi, mikono inachuruzika mpaka viwiko, alitandika mswala wake kati ya meza na ukuta.

Shinuna aliitazama ile plasta kwenye ukingo wa meza. Alijiona mjinga. Mara tano kwa siku, tangu ana miaka saba, amepandisha mikono yake mwenyewe mpaka juu ya viwiko, na bado amesoma lile daftari nusu saa nzima asione kitu.

Alingoja mpaka fundi alipotoa salamu.

"Monirul, kile kiraka cha kampuni. Wakati wa kutawadha ulikifanyaje?"

Monirul alimtazama kama mtu aliyeulizwa anakula kwa kutumia nini.

"Nilikibandua, Mama. Maji si lazima yaguse ngozi mpaka kiwiko?"

"Kuna ruhusa ya kupangusa juu ya bandeji."

"Ya mgonjwa! Mimi nilikuwa na jeraha gani? Nimwambie nini Mola, nimeacha udhu wangu kwa ajili ya marashi?"

"Kisha?"

"Kisha nakibandika hapo mezani, natawadha, nasali, nakirudisha mkononi. Gundi yake ilikuwa nzuri. Jioni ikichoka naongeza utepe wangu. Mara mbili tatu nilikisahau mezani mpaka magharibi, Mungu anisamehe, lakini nilikirudisha."

"Mkono ukiwa bado umelowa?"

"Nani anafuta maji ya udhu?"

Varghis alikuwa amevua miwani. "Ulikuwa unakitoa?" alinong'ona. "Mwenzio naungua, wewe ulikuwa unakitoa?"

"Mbona hukuwaambia kampuni?" Shinuna aliuliza.

"Hawakuuliza. Kila asubuhi: umekula nini, umejipaka nini, umelala vipi. Hakuna aliyeuliza umesali vipi. Na si walikuja kututafuta msikitini, Mama? Nikajua wanajua."

Shinuna aliketi juu ya furushi, akatoa simu na orodha. Alianza na nambari ya pili, muadhini wa msikiti ule.

"Eti nisali na plasta mkononi?" mzee alifoka. "Umetumwa na nani, binti?"

Alipiga simu kumi na moja. Alipata majibu kumi na moja, mengine ya upole, mengine ya hasira, yote mamoja. Watu wakweli kweli kweli. Imamu hakukosea hata mmoja.

*

Saa saba na robo alikuwa tena mbele ya Daktari Mundhir, na safari hii hakuketi.

"Umewatafuta watu wema, ukawapata," alisema. "Halafu ukawabandika pale pale panapooshwa mara tano kwa siku."

Alimsomea maelezo ya Monirul, kisha ya muadhini. Daktari alisikiliza mpaka mwisho. Rangi ilimtoka, lakini sauti ilibaki pale pale.

"Sikuambiwa."

"Hukuambiwa. Ulipima. Viraka arobaini na vinane vinarudi na maji, viwili vinarudi vikavu, na wewe ni mkemia."

"Nilidhani jasho."

"Tangu lini jasho likachagua dini?"

Daktari alilivuta daftari upande wake.

"Nitakusomea cheti chako upya," Shinuna alisema. "Umebandika watu hamsini. Waliokaa na dawa kama mwongozo unavyotaka ni wawili. Hao wawili waliungua wote, ukawafuta kwa wino mwekundu. Waliojaribiwa wote wameungua, daktari. Na siku ya harusi, bwana harusi hakichovyi kishada akakivua kila sala. Kinamlalia kooni tangu asubuhi mpaka usiku."

"Binti Saif, keti." Alivuta kiti mwenyewe. "Tuyamalize kwa heshima. Zahrolini tunaiondoa sokoni taratibu, tunarudia majaribio, mgongoni, kila kitu. Bibi anatia ile sahihi, kosa dogo, bahati mbaya, Jumapili anauza. Hakuna anayeumia."

"Yeye je?"

"Yeye ni mwuza mafuta wa soko. Watasahau."

"Heshima ndiyo iliyotufikisha hapa. Mliona haya kuwavua kanzu, wao wakaona haya kukufundisha dini yako. Mficha uchi hazai, daktari. Daftari hili nalishika. Tia sahihi kwamba nimelichukua."

Alitia.

Bwana Yaarub alipiga simu Shinuna akiwa bado kwenye ngazi.

"Faili la bibi liko wapi? Mwendesha mashtaka anangoja."

"Halitakwenda, Bwana Yaarub." Akamweleza, kwa ufupi, hatua kwa hatua.

Ikaja sauti ya mtu anayechagua maneno. "Umefanya kazi nzuri. Sasa usiiharibu. Nasaim ni watu wakubwa, hili linataka kamati. Duka libaki limefungwa mpaka kamati ikae."

"Kamati inakaa lini?"

"Baada ya Idi, Mungu akipenda."

"Biashara ya mafuta yote ni kabla ya Idi. Ushahidi pekee dhidi yake ulikuwa cheti kile, na cheti kimekufa. Kanuni inasema sababu ikiondoka, mkaguzi aliyefunga ndiye anayefungua. Aliyefunga ni mimi."

"Shinuna, ukiugusa utepe ule bila ruhusa yangu, Jumapili usije kazini."

"Jumapili nitakuja mapema, Bwana Yaarub. Nina makopo ya zahrolini ya kukusanya nchi nzima."

Akakata yeye.

*

Alifika soko la Sib baada ya alasiri, wakati vichochoro vimejaa na wauza samaki wanamwagia maji meza zao. Bi Ghaniya alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki nje ya mlango wake uliofungwa, kama alivyoketi siku zote tisa, makusudi, ili kila mpita njia amwone. Shinuna alimwinamia, akamwambia kwa sauti ya chini yote aliyoyapata. Bibi alisikiliza bila kupepesa jicho. Habari ilipofika kwenye udhu alicheka kwa pumzi moja.

Shinuna alitoa kisu kidogo mkobani, akanyoosha mkono kwenye lakiri.

"Ngoja," alisema Bi Ghaniya.

"Bibie, nimekuja kukufungulia."

"Nimeona. Siku ile ulipofunga ulisoma karatasi kwa sauti. Jina langu, la baba yangu, na kosa. Leo unataka kufungua kimyakimya kama mwizi?"

Simu ya Shinuna ilianza kulia. Jina la Bwana Yaarub lilionekana. Aliiacha ilie. Mwuza vitambaa wa duka la pili alikuwa amekwisha simama. Wanawake wawili wenye vikapu walisogea.

"Ghaniya binti Zahran hana kosa," Shinuna alisema.

"Sikusikii."

"Ghaniya binti Zahran hana kosa! Mafuta yake ni safi. Dawa ya kampuni ndiyo iliyounguza watu."

"Na mlango huu?"

Watu walikuwa wamejaa kichochoro kizima. Shinuna alihisi uso wake unawaka, na aliuacha uwake.

"Mlango huu niliufunga mimi, Shinuna binti Saif, kwa karatasi ya uongo niliyoisoma bila kuuliza. Kosa ni langu!"

Alilisema kwa nguvu mpaka wauza samaki mwisho wa soko wakainua vichwa. Bi Ghaniya aliinuka kwenye kiti, polepole, akijishika goti, akaingiza mkono mfukoni akatoa ufunguo.

"Haya," alisema. "Sasa kata."